Ugonjwa Uliokuwa Ukitutafuta kwa Majina

Mpaka naota ndevu, na ndevu zangu hazikuchelewa, niliamini kabisa kwamba ugonjwa wangu ulikuwa unazungushwa wilaya nzima ya Newala ndani ya boksi la bluu, ukinitafuta kwa jina. Si jina hili ninalotumia sasa, lile la utotoni. Niliamini kuna nesi amelibeba boksi hilo, kwamba akifika kwenye mji wa watu anataja jina, na mwenye jina akiitika tu, kifuniko kinafunuliwa na ugonjwa unamrukia mwenyewe kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Usicheke. Na wewe uliamini ya kwako, tumezaliwa zama moja, tunajuana.

Nimekumbushwa na harufu. Juzi nilikwenda Chilangala kwa rafiki yangu mmoja, nikawakuta wanafagia chini ya mikorosho kujiandaa na mavuno. Majani ya mwaka mzima yalikuwa yamelaliana pale, ya juu makavu, ya chini meusi na yana unyevu, na reki ilipoyafunua ikatoka harufu ya godoro lililonyeshewa. Wenzangu hawakuisikia hata kidogo. Mimi nilitimua mbio, mtu mzima na suruali yangu ya pasi, nikaipita hadi pikipiki iliyokuwa imepakia wawili. Waliobaki wakaanza kutafuta fimbo, wakidhani nimeona koboko.

Tulikuwa wawili, mimi na mwana wa mama mkubwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado nanyonya, dada yake akanichukua, akatulea pale Mkunya kwenye sahani moja, mkeka mmoja na, kama hiyo haitoshi, maradhi yale yale. Mwenzangu alinitangulia kuzaliwa kwa mvua moja. Nitamwita Bakari. Hilo ndilo jina lake la ukubwani, na nina sababu ya kutotaja lile jingine. Kwetu mvulana akitoka jandoni, jina la utoto linaachwa kule kule porini. Ukimwita mtu kwalo umemtukana, na wazee wakikuamulia utoe kuku, unatoa. Kwa hiyo la kwangu sitalitaja, na la Bakari ndiyo kabisa.

Tuliugua kwa zamu, na zamu zikigongana tuliugua pamoja. Majipu yalituota mahali ambapo sikujua kama binadamu ana nyama. Tezi za shingo zilivimba hadi nikaonekana nimemeza embe bila kulitafuna. Kikohozi changu kilisikika Masasi, na watu wa Masasi wakasema pole. Hata ile sindano ya uchanga ambayo watoto wote huchomwa begani, kwetu sisi kwapa la kulia lilivimba, likapasuka, likaacha kovu lililojikunja kama kitovu cha pili. Tabibu wa zahanati akituona tunaingia alikuwa anavuta droo ya dawa kabla hatujasema shikamoo.

Bakari alikuwa na sheria yake. Asubuhi tukiamka tunapimana paji la uso kwa kiganja, na ambaye hana homa anafanya kazi za wote wawili. Maji ya kwetu mnayajua, uwanda wetu umekaa juu na maji yamekaa bondeni, kwa hiyo hiyo haikuwa sheria ndogo. Siku nyingine alikuwa ananipima, ananiambia nachemka kama sufuria, anaondoka na ndoo zote mbili. Jioni nikimgusa, yeye ndiye anayechemka. Nikimuuliza anasema, "Kwani wewe ni daktari?"

Nyumbani kulikuwa na maelezo ya ugonjwa wetu, ila hayakusemwa kwa sauti. Bibi yetu mzaa mama alizaa watoto wengi wa kiume, na karibu wote walikufa wachanga kwa majipu na vikohozi. Alibaki mmoja, mjomba wetu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuumwa hata jino. Wasichana wote walikuwa wazima, mama yangu na mama mkubwa wakiwemo. Sasa mnajua watu. Mwanamke anayezika wavulana na kubaki na wasichana, akipita kisimani, ndoo zinaondolewa njiani, watu wasije wakarogwa. Bibi alikuwa anatembea kwa kuinama, na mimi nilidhani ni mgongo.

Halafu likaja gari jeupe pale zahanati. Tukaambiwa ni watu wa utafiti, wanatafuta watoto wanaougua na kupona na kuugua tena bila kikomo. Tabibu hakuhitaji kufikiri, alituma mtu mbio nyumbani kwetu. Kulikuwa na daktari kijana aliyezungumza kwa upole kama anaogopa kuamsha mtu, na nesi mmoja mwenyeji wa Bukoba, mwenye mwili na sauti, aliyejitambulisha kwa jina la Mama Neema. Alituweka kwenye benchi.

"Haya, nani mwanaume hapa?" akauliza huku anafunga mpira kwenye mkono wangu.

"Mimi," Bakari akasema. "Lakini aanze yeye."

Nesi akacheka mpaka daktari akageuka. Alituchoma vizuri, nasema ukweli, ingawa kwa kelele nilizopiga ungedhani nakatwa mguu. Kisha akainua boksi la bluu lenye mshikio mweupe, akafunua kifuniko ili aweke vichupa vya damu, na ukungu mwembamba wa baridi ukatoka, ukatambaa ukingoni, ukapotea. Sikuwa nimewahi kuona kitu kinachofuka moshi bila moto. Damu yangu ikaingia mle, ya Bakari ikalazwa pembeni yake, kifuniko kikafungwa.

"Hii inakwenda Dar es Salaam, na nyingine itapanda ndege," akamwambia mama mkubwa. "Inachukua muda. Tukishajua kinachowasumbua hawa vijana nitarudi mwenyewe, Mama. Nitawatafuta kwa majina."

Mama mkubwa akasema asante, na akamtajia majina yetu yote mawili polepole, ili yasikosewe.

Basi ikatokea kwamba majuma yaliyofuata tulikuwa wazima. Majipu yalikauka, nikanenepa kidogo, nikaanza kukimbizana na kuku na kuwashinda. Sasa najua ilikuwa bahati tu, ugonjwa wenyewe ulikuwa na tabia ya kupumzika. Lakini jirani yetu Mama Shufaa, mpika vitumbua, hakuacha jambo lipite bila kuliwekea maelezo. Alifika asubuhi na beseni lake kichwani, akatukagua, akamwambia mama mkubwa:

"Si unaona? Ugonjwa ulikuwa kwenye damu, na damu wameondoka nayo."

"Damu yenyewe kijiko."

"Kijiko ndicho kilichokuwa kibaya. Ila mwenzangu nikwambie, hospitali hawakai na ugonjwa wa mtu bure. Watauchunguza, wakimaliza wataurudisha kwa mwenyewe. Si amekwambia atarudi? Anarudi kufanya nini, kula vitumbua?"

Mimi nilikuwa pale pale na kitumbua mdomoni, na kitumbua hicho sikukimaliza. Nilikuwa nimeuona ule moshi. Hakuna aliyekuwa na haja ya kunishawishi zaidi.

Mjomba naye akaja na lake. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake, baba anasikiliza, na baba zetu hata hivyo walikuwa mbali. Akasema mwaka huu tuingie jandoni. Mama mkubwa akasema tumepona juzi tu, tungoje mwaka ujao.

"Ndiyo maana nasema sasa," mjomba akajibu. "Kinachowasumbua kinawajua kwa majina yao. Wakitoka kule hawana tena majina hayo. Kikija kuwatafuta kitamkuta nani?"

Alisema kwa huruma kabisa. Alikuwa amezika wadogo zake wote wa kiume, na hakuna mtu aliyewahi kumpa njia nyingine ya kufikiri.

Ya jandoni siyasemi, walionipeleka wengine bado wako hai na wana nguvu. Nitasema yanayosemeka. Tulitahiriwa na tabibu aliyevaa glavu, hivyo msituone watu wa zamani. Kisha tukakaa likumbini, kibanda chetu cha porini, baridi ya Newala ikitupenya mpaka kwenye mawazo. Kibanda kiliezekwa kwa nyasi kuukuu zilizotolewa kwenye banda la mjomba, nyasi zilizonyeshewa masika nzima, zenye utando wa kijivu kama mvi. Nyingine tulitandika tukalalia. Zilitoa ile harufu ya godoro. Bakari alikuwa anazinyanyua, anazipuliza, vumbi jembamba linapanda, anasema, "Tazama, nyasi zinavuta sigara." Tulicheka hadi tukazomewa na walezi wetu.

Siku ya kutoka tulivuliwa kila kitu, tukaogeshwa, tukavishwa nguo mpya, tukaambiwa tutembee bila kugeuka. Nyuma yetu wakawasha kibanda pamoja na nguo zetu za zamani. Nilisikia joto mgongoni. Bakari, bila kutikisa kichwa, akanong'ona, "Majipu yako yanaungua hayo, husikii yanavyolia?" Na mimi niliyasikia.

Nyumbani tulipokelewa kama mawaziri. Mama mkubwa tangu siku hiyo akawa Mama Bakari, na mtu aliyesahau akamwita kwa jina la zamani la mwanawe alikatwa jicho mpaka akaomba radhi. Mimi na Bakari tulikaa kwenye viti, viti kabisa, watoto wakitusalimia shikamoo kwa dhihaka nasi tukiitikia marahaba bila dhihaka.

Gari jeupe likarudi tukiwa hatujaishiwa hata nguo za sherehe.

Tulikuwa ndani, tumelala mchana. Nikasikia mlango wa gari, halafu ile sauti ya Bukoba, kubwa, yenye furaha. Nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Mama Neema alikuwa amesimama uani, mkoba begani, boksi la bluu mkononi.

"Hodi hapa. Jamani, hamjambo? Shikamoo Bibi."

"Marahaba," Bibi akaitika.

Kisha nesi akataja jina langu la utotoni, na la Bakari, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akiyarudia njia nzima. Wanaume waliokuwa wakitengeneza mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa wakaangalia chini. Mama Shufaa, aliyekuwa amekuja kudai sufuria yake, akashika mdomo.

"Naulizia vijana wale," nesi akaendelea. "Au mama yao, Mama," na hapo akamwita mama mkubwa kwa lile jina lililoungua.

Mama Bakari alikuwa amesimama mbele yake, si mbali zaidi ya urefu wa mkeka, ana ungo mkononi. Walikuwa wameonana mara moja tu, miezi mingi imepita, na siku ile ya zahanati mama mkubwa alikuwa amejifunika kanga hadi kwenye nyusi. Nesi hakumtambua. Nilimwona mama mkubwa anatazama boksi. Hakumtazama nesi hata kidogo, alitazama boksi tu.

"Hapa hatuna watu wa majina hayo," akasema.

"Niliambiwa ndiyo mji wenyewe."

"Umekosea mji."

Kule ndani jina langu lilikuwa limenifikia masikioni na mwili mzima ulitaka kuitika, ndivyo mwili ulivyozoea. Bakari akaniziba mdomo kwa kiganja. Yeye kicheko kilikuwa kimembana, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Ndugu zangu, tulikuwa tunatoroka kifo huku tunacheka. Kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi. Akakizika kwenye mto, lakini kikohozi chenyewe kilikuwa kipya, kikavu, kirefu, hakikukubali kuzikwa.

"Nani huyo anayekohoa?" nesi akauliza.

"Mgeni," Bibi akasema. "Ametoka Nanganga. Amelala."

Nesi akawageukia wengine. Akamuuliza Mama Shufaa, naye akatikisa kichwa. Akawauliza wale wanaume, wakasema labda mji ule wa mbele. Hakuna aliyekuwa mkorofi kwake. Walimpa hata kitumbua, akala. Halafu akaingia garini na boksi lake akalipakata mapajani, na gari likaondoka. Mji mzima ukavuta pumzi. Mama mkubwa akaingia ndani akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, kwa nguvu, kama anajaribu kuturudisha tumboni.

Baada ya hapo Bakari alikuwa mtu mzima na alitaka ionekane. Mjomba alipoanza kusafisha shamba, Bakari akachukua reki kabla hajaambiwa. Alifagia chini ya mikorosho kutwa, akakusanya majani yaliyooza na kuyabeba kwa mikono miwili, yamemgusa kifuani, vumbi limempaka uso mzima akawa mzee. Kile kikohozi alikuwa nacho bado. Nilimpima paji la uso jioni, nikamwambia anachemka. Akaniambia mwanaume hapimwi.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Alianza kuhema kama aliyetoka kukimbia, hata akiwa amekaa. Midomo yake ikabadilika rangi. Zahanati wakampa dawa za malaria, kisha sindano, kisha wakasema apelekwe hospitali kubwa bondeni. Mjomba akapata gari dogo la mizigo. Kabla hajapakiwa Bakari aliniita, nikadhani ana neno kubwa. Akasema, kwa vipande vipande, "Ndoo... leo zote... zako."

Alifia mteremkoni, kabla hawajafika chini. Mama mkubwa alijua na hakusema. Aliogopa dereva akigundua atawashusha njiani. Akamwegemeza begani, akamfunika kanga, akawa anazungumza naye kwa sauti ya kawaida, anamwambia tunakaribia, mwanangu, tunakaribia. Mpaka wakafika hospitali hivyo. Dereva akamsaidia kumshusha, akasema huyu mtoto amelala fofofo.

Jina la Bakari alilivaa kwa muda mfupi kuliko suruali yake ya sherehe, ambayo mpaka leo haina kiraka.

Nami nilikuwa na hesabu zangu pale msibani, hesabu za mtoto. Niliona kwamba ule ugonjwa ulikuwa umesikia kikohozi chake kwenye mto. Ulikuwa umetoka kwenye boksi kidogo, ukamtambua kwa sauti badala ya jina. Kwa hiyo nikaacha kukohoa. Nilimeza vikohozi, nasema kweli, nilivimeza kama ugali, na kifua kiliniuma kana kwamba nimefuga nyuki humo.

Haikusaidia. Ulipita muda, nikaanza kuvimba ubavuni upande wa kulia, homa ikaja ikakaa, nikawa mwepesi hadi upepo wa uwanda ukawa unanisalimia kwa heshima. Safari hii mama mkubwa hakungoja mjomba wala zahanati. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, tukapanda basi, tukafika hospitali ile ile alikomfikisha mwanawe.

Nililazwa. Madaktari wakasema kuna jipu kwenye ini, wakalitoa usaha kwa sindano ndefu ambayo kwa macho yangu ilikuwa na urefu wa mkuki. Nikachomwa dawa, homa ikashuka, ikapanda tena. Nikawasikia wanaambiana kwamba hawaelewi, mtoto hana virusi, hana kifua kikuu, sasa ana nini. Asubuhi moja akaja nesi kunigeuza, akainua mkono wangu wa kulia, akasimama. Alikuwa anatazama kovu la kwapani. Akainama akatazama uso. Ndipo nikasikia ile sauti, safari hii imeshushwa, ikitaja jina langu la utotoni.

Sikuitika. Nilifumba macho na nikaacha kupumua. Nilijua boksi liko chini ya kitanda.

"Mama," Mama Neema akamgeukia mama mkubwa, "huyu si yule kijana wa Mkunya?" Akalitaja tena jina.

Wodi ilikuwa imejaa, na vitanda viwili vitatu vilikuwa na watu wa kwetu waliotusikia vizuri. Mama mkubwa alikuwa ameketi sakafuni na bakuli la uji. Nilifungua jicho moja. Alitazama mikono ya nesi, ambayo haikuwa na kitu. Alitazama chini ya kitanda, nikajua naye anafikiria ninachofikiria mimi. Akaweka bakuli chini. Kisha akalitamka jina langu lililoungua, lote, kwa sauti, mbele za watu.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu. Kama umeuleta urudishe kwangu, mimi ndiye mama yake."

Nesi hakuelewa sehemu ya mwisho. Alishika mkono wangu tu.

"Nilikuja kwenu. Niliambiwa hampo. Na mwenzake?"

"Mwenzake tumemzika."

Mama Neema akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo manesi hawalifanyi. 

Kesho yake yule daktari mpole, ambaye kumbe naye alifanya kazi hapo hapo na Mama Neema, alikuja akatueleza. Alisema mwili una askari, chembe nyeupe, na kazi yao ni kumeza mdudu na kumchoma humo humo ndani. Askari wetu wanameza vizuri sana, ila hawana moto. Mdudu anakaa ndani ya askari kama mpangaji. Akasema tumezaliwa hivyo. Kasoro inatembea kwa akina mama bila kuwaumiza, na kwa mtoto wa kiume ni kama kurusha sarafu, huyu inampata, huyu inamkosa, ndiyo maana mjomba ni mzima. Mama mkubwa akauliza kama Bibi alifanya kitu. Daktari akasema Bibi hakufanya kitu chochote, wala mtu mwingine. Akamuuliza mara ya pili, akajibiwa vile vile. Akaomba daktari aje Mkunya aseme maneno hayo hayo uani, watu wakiwepo, na daktari alikuja. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani. Ndoo zilirudi njiani, lakini mgongo wake ulikuwa umeshakauka vile.

Dawa yangu ikawa kidonge cha septrini kila siku ya maisha yangu, na kingine cha kuzuia ukungu. Na onyo: nikae mbali na nyasi zilizooza, majani yaliyooza, vumbi la mbolea. Ukungu wa humo kwa watu wengine ni harufu mbaya tu, kwetu unaota kifuani. Daktari alipokuwa anasema hayo mama mkubwa alishika ukuta. Mbele ya macho yake, najua, Bakari alikuwa anabeba majani kwa mikono miwili.

Kumeza septrini kila siku kijijini kwetu ni kujitangaza. Majirani walinihesabia virusi, Mama Shufaa alinipa miezi mitatu, na nilipomaliza miaka mitatu bado ananuna. Shule ilinipita nikiwa wodini, nikaja kuikamata nikiwa mkubwa, masomo ya jioni, nimekaa dawati moja na muuza samaki na askari mgambo, chini ya taa iliyozimika kila tulipofika kwenye jibu. Biolojia nilifaulu, na nilipofundisha wenzangu habari za chembe nyeupe muuza samaki alilia. Lakini mtu anaweza kufaulu mtihani na bado anaogopa boksi. Nilijua chembe zangu zote kwa majina yake, na usiku nikisikia mlango wa gari nilikuwa naukagua mwenyewe mdomo wangu kama umefungwa.

Ni mama mkubwa aliyelimaliza. Miguu ilikuwa imemkataa, halipiti tena lango. Nikiwa najiandaa kwenda kuchukua dawa zangu, nimesimama mlangoni na mfuko, akaniuliza akiwa ametazama ukuta:

"Yule nesi bado yupo?"

"Yupo. Anakaribia kustaafu."

"Muulize lile boksi lilikuwa na nini."

Hakuwahi kulitaja, miaka yote ile. Nikasema nitamuuliza.

Nilimkuta Mama Neema kliniki, miwani puani, nywele zimejaa majivu, anapanga makopo. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipa dawa, akanitania kuhusu ndevu. Nikamweleza. Nilianza kwa kucheka, nikamwigizia Mama Shufaa na beseni, nikamwigizia moshi, nikamwigizia mimi nameza vikohozi. Yeye hakucheka. Nikafika pale uani, nikamwambia yule mwanamke mwenye ungo aliyemwambia amekosea mji ndiye mama mkubwa, na mgeni wa Nanganga alikuwa Bakari. Halafu nikauliza nilichotumwa.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake, akaiweka mezani.

"Boksi lilikuwa tupu, mwanangu," akasema. "Barafu tu, ya kuwekea damu nyingine kama mngekubali. Vidonge vilikuwa kwenye mkoba wangu wa begani. Vyako na vya mwenzako. Niliondoka navyo."